Kamba ya Kigari cha Yusufu

Kambini, mkoani Kigoma,
mvua zikielekea ukingoni

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba nampa shikamoo yake, hata kama sasa hivi yuko ufukweni na nyundo yake na hasikii la mtu.

Saidi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Ndani ya bahasha umekuta kamba. Iweke kwanza chini ya mkeka, Mama asiione, mpaka nitakapofika kwenye habari yake. Na kama ameshaiona na ameshashika kichwa, mwambie kwa sauti: Yusufu hajafa. Yu hai, amelala hapa kando yangu, anatafuna ncha ya kanga yangu ninapoandika.

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo Mama? Goti lako linakuruhusu kuswali umesimama, au bado unaswalia kwenye kigoda? Baba kifua kimemwachia? Michikichi imezaa vizuri mwaka huu? Watu wa hapa wakiniuliza hali nawajibu kwamba hatujambo, maana ukianza kueleza nani atakusikiliza, kila nyumba ina lake. Lakini wewe sikufichi. Mambo yetu si mazuri, Mama. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka tangu tuvuke mpaka.

Yusufu hujamwona, kwa hiyo acha nikueleze alivyo. Alizaliwa hapa hapa kambini, tukampa jina la Baba. Alipokuwa anaanza kutambaa alishikwa na homa kali, ile ya degedege, na ilipoondoka ikaondoka na nguvu za miguu yake. Miguu anayo, tena mirefu, ila haimtii. Akili yake nzima kabisa. Anamjua aliyeingia ndani kwa mlio wa ndala tu, na hucheka kabla hajamwona. Sasa anaingia mwaka wa nne na amerefuka kwa niaba ya ukoo mzima wa mume wangu Ramadhani. Watoto wa mtaa wetu wanamwita Mlingoti. Wanamwita kwa mapenzi, naye hufurahi. Mimi ndiye ninayeumia, kwa sababu mlingoti husimama.

Tangu homa ile nimembeba mgongoni, miguu yake imenizunguka kiunoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu hunitazama njiani wakasema, mbona mtoto mkubwa hivyo bado anabebwa, mnamdekeza. Nawapita tu. Ng'ambo ya bonde kuna zahanati, na pale yuko dada wa mazoezi anayemnyoosha viungo. Unashuka bondeni, unavuka maji, unapanda. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope jekundu linalovua watu viatu. Yule dada aliniambia tangu mwanzo kwamba mtoto asiponyooshwa, magoti yatakauka yakiwa yamekunjika, na yakikauka ndiyo basi. Kwa hiyo nilibeba. Mvua nilibeba, jua nilibeba, na tumbo tupu nilibeba, mpaka siku moja nikainama kumweka chini nikashindwa kuinuka.

Aliyeniinua ni Spesiosa, jirani yangu. Ni Mrundi wa huko milimani, mama wa kanisani, Kiswahili chake anakiokota njiani, lakini moyo wake sijauona mfano.

"Yoo, ihangane, Mama Yusufu," akaniambia huku ananisugua kiuno. "Vumilia. Huyu umwana amekwisha kuwa mkubwa, si wa mgongo tena. Umtafutie kigari."

Kigari! Huku wenye baiskeli wenyewe huzibeba begani mvua ikinyesha. Lakini dada wa mazoezi alikubaliana naye, akatueleza cha kutafuta. Kiwe kidogo, kipite kwenye mlango wetu. Kikunjike, kiingie kwenye gari pamoja na watu. Lakini matairi yawe manene ya kushinda tope na mawe, si yale ya plastiki ya kutembezea watoto sakafuni. Ramadhani alisikiliza yote. Kesho yake aliondoka na baiskeli yake, ile aliyokuwa akiwabebea watu mkaa na mahindi nasi tukapata mboga. Alirudi kwa miguu, fedha za kigari mfukoni.

Mimi nikapata kibali cha kwenda Kigoma kupigwa picha ya mgongo. Kibali kilikuwa cha mtu mmoja, Yusufu hakuwemo. Nikamwacha kwa Spesiosa. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, Mama, na ni kosa ambalo hata wewe ungelifanya, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea.

Nilifikia Buzebazeba, kwa dada yako, Mama Mkubwa Tatu. Amezeeka, ila ulimi wake bado msichana. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Haya, mtoto wa Rumonge," akasema, "umenijia na mifupa mitupu. Nyama umemwachia nani?"

Kisha akanikumbatia akalia. Akanipakulia ugali na samaki wa migebuka, wanono kama wa kwetu, nikala mpaka nikaona haya. Anakusalimu sana. Anasema uliolewa ng'ambo ukasahau kwamba Ujiji bado ipo.

Nikamweleza habari ya kigari. Nikamwambia kwamba kabla ya kuondoka nilishika uzi nikataka kuchukua kipimo cha mtoto, na mkono ukagoma.

"Na ugome!" akasema. "Aliye hai hapimwi kwa kamba. Anayepimwa kwa kamba ni yule anayechimbiwa."

Maneno yako yale yale Mama, na sauti ni hiyo hiyo. Nilikumbuka bibi alipofariki, yule mzee aliyempima alivyotoka chumbani na kamba mkononi kuwapelekea wachimbaji makaburini, na wewe ukatugeuza nyuso ukutani tusiitazame. Kwa hiyo nilitulia, nikajiona nina adabu.

Kijana wa bodaboda alitupeleka Gungu polepole kwa sababu ya kiuno changu. Mama Mkubwa alikaa nyuma yangu na kitukuu chake Mwanaidi mapajani, mtoto wa umri wa Yusufu. Kuna duka pale la vyombo vya mtumba, vitanda vya chuma, majiko, baiskeli za watoto, na vigari. Vilivyonifaa vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kirefu, matairi matatu makubwa ya kujazwa upepo, na kiti chake kinalala. Lakini kikikunjwa bado kilitanda chini kama mbuzi aliyelala, nami nikaufikiria mlango wetu, nikalifikiria basi la kurudi. Cha pili kilikuwa kifupi, matairi manne manene yenye meno, na kikikunjwa unakitia kwapani unakwenda zako.

"Mama, hiki ndo chenyewe," muuzaji akasema. "Kinapanda mlima, mchangani kinapita, matope ndo usiseme. Ukikichoka unakikunja tu."

"Mwanangu mrefu," nikamwambia.

"Mrefu kiasi gani?"

Niliinua mkono nimwonyeshe, nikaurudisha. Kimo cha mtu huonyeshwa kuanzia ardhini, na Yusufu hajawahi kusimama juu ya ardhi. Ndani ya nyumba hulala amejikunja. Mgongoni hujikunja. Mimi mama yake sijamwona amenyooka hata siku moja.

"Uzito wake naujua," nikasema.

Basi tukatumia uzito. Kijana wa duka alileta mifuko ya mchele kutoka duka la jirani, akanifungia mgongoni, nikamwambia ongeza, ongeza tena, mpaka kiuno kikalia nikajua kwamba huyu sasa ndiye Yusufu. Watu wa Gungu walisimama kutazama kichekesho. Mchele ule tukautia kwenye kigari nikausukuma mtaroni, nikaupandisha, nikaupitisha kwenye mawe na kwenye mchanga. Kigari hakikuyumba. Tukautoa mchele tukamkalisha Mwanaidi, akaenea, nyayo zake zikakaa pale pa kuwekea miguu kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Hata hivyo nilikuwa bado nakitupia jicho kile kirefu.

"Mchagua nazi hupata koroma," Mama Mkubwa akasema. "Chukua hicho tutoke juani."

Nikachukua.

Kesho yake kabla ya basi nilishuka nacho ziwani. Ufuko ule wa Ujiji ukiufuata kwenda kaskazini, unapita Mwamgongo, unavuka mpaka, unafika kwenu Rumonge. Nilikisukuma kitupu mchangani, kikaenda vizuri, nikajiona namsukuma mwanangu hivyo hivyo mpaka nyumbani. Nilifurahi, Mama. Tangu siku hiyo sijafurahi tena.

Nilipofika kambini nilimkalisha, nacho kikamkataa. Mgongo wangu ulijua uzito wake, urefu haukuujua. Makalio yaliteleza mpaka ukingoni mwa kiti, miguu ikapita pale pa kuikanyagia, visigino vikaburuza chini. Kuiinua hawezi. Spesiosa alishika mdomo. Ramadhani alitazama, akatoka nje.

Nikaifunga miguu juu kwa kipande cha kitenge. Tulikwenda hivyo zahanati mara chache, na ukweli niuseme, Yusufu alipenda. Maisha yake yote alikuwa ameona kisogo changu. Sasa aliona njia, mbuzi, watu wanaokuja. Alikuwa akiwapungia mkono watu asiowajua.

Kisha siku moja, kwenye mteremko, kitenge kikafunguka bila mimi kujua. Kigari kikagoma. Nikasukuma. Nilidhani ni jiwe, Mama, nikasukuma kwa nguvu. Mtoto huyu akiumia sana hatoi sauti, hufungua mdomo tu, na mimi nilikuwa nyuma yake. Mguu ulikuwa umeingia chini ya tairi.

Kidonda kilichukua masika yote. Sasa kimefunga kwa juu, lakini masika yote hakwenda mazoezi, na mimi nikijaribu kumnyoosha hapa ndani nahurumia mguu namwacha. Dada wa mazoezi alipoona hatuji alikuja mwenyewe na tope mpaka magotini. Alishika goti la kushoto, akalivuta taratibu, akalivuta tena, akaliachia. Halinyooki lote tena. La kulia linafuata njia hiyo hiyo. Kile kigari sasa kinabeba madumu ya maji ya Spesiosa. Mlima kinapanda kweli, kijana wa duka hakunidanganya.

Ramadhani siku ile alisema neno moja tu. "Niliuza miguu yangu," akasema, "na mtoto hakupata miguu." Baada ya hapo akaacha kumtazama mwanawe. Huingia, hula, humpita kama mtu anavyolipita jiko. Si mkatili, unamjua. Nadhani akimtazama ataanguka.

Saidi, hapa usiruke, msomee Mama kama ilivyo. Kuna siku mvua ilinyesha tangu asubuhi, nilikaa mlangoni na huyu amelala ndani, nikamwomba Mungu amchukue. Nilisema kwa mdomo wangu, kwa sauti. Na yeye ndani akacheka. Alisikia sauti yangu akadhani nazungumza naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, lakini huu sidhani kama mzazi yeyote anataka kuujua.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Majina ya wanaorudi nyumbani yamebandikwa. Spesiosa yumo katika lori la kwanza, na barua hii anakuja nayo yeye, atamtafuta Saidi sokoni Rumonge. Sisi tumo katika malori yanayofuata, siku hatujaambiwa. Lori litatushusha barabarani. Kutoka pale mpaka kwenu ni njia ya michikichi, mnaijua, kupanda tupu, mizizi, na kile kijito kisicho na daraja. Ramadhani atabeba mizigo. Mimi siku hizi simbebi Yusufu hata mpaka uani. Nisipojua kwamba kigari kinachomtosha kinatusubiri pale, sitapanda lori, kwa sababu sitakubali kushushwa na mwanangu kando ya barabara kama gunia lisilo na mwenyewe. Na jina likirukwa huku, sijui litasomwa tena lini.

Baba, wewe ndiye unayeweza. Hapa seremala yuko, tena mtu mwema, lakini mbao zenyewe za kutafuta, na kazi yake kubwa ni masanduku ya Wakristo wanaofariki. Kamba aliyonayo ni hiyo moja anayowapimia maiti. Alikuja kwa wema wake kumpima Yusufu, nikaiona mkononi mwake, nikamfungia mlango. Halafu nikakaa nikafikiri. Nikaona kama ni lazima kamba imguse, basi iwe ya mama yake.

Nimempima mwenyewe, Mama. Nilimlaza mkekani, nikaweka ncha utosini. Nikakumbuka Baba anavyopima mtumbwi, kwamba hachukui urefu peke yake, hufunga fundo kila mahali mbao inapopinda. Nikafunga fundo shingoni. Nikafunga nyongani. Kufika goti mtoto akacheza, kamba ikaniponyoka. Nikaanza upya, ikaponyoka tena. Nilikuwa nalia, nayo mikono ya mtu anayelia haipimi kitu. Ramadhani alikuwa amekaa mlangoni ametupa mgongo. Aligeuka. Akaja, akapiga magoti, akashika kisigino cha mwanawe, kile chenye kovu, akakituliza mkekani. Yusufu akamtazama babake akaanza kucheka kile kicheko chake.

"Funga," Ramadhani akaniambia. Nikafunga.

Kwa hiyo Baba, fundo la kwanza ni shingo, la pili nyonga, la tatu goti, na ncha ni kisigino. Ongeza kidogo, anakua. Chini kiwe chembamba cha kupita katikati ya michikichi, magurudumu ya baiskeli yenye spoki, kijito kisikishinde. Pa miguu weka ubao wenye ukingo, mguu usianguke hata mimi nikiwa kipofu. Na akae akitazama mbele. Kikiwa tayari Saidi aniandikie nipande lori, kisha kisukumwe mpaka pale barabarani kabla hatujafika. Yeyote atakayesimama nacho, nitamwona.

Mnisalimie kaka yangu mkubwa, na mkewe aliyenisuka siku ya harusi. Mnisalimie shangazi wa kule kwenye kinu cha mawese, mwambieni nikisikia harufu ya mawese huku hulia. Na jirani yetu mzee anayeadhini, aniombee. Spesiosa mpeni chakula kabla hajapanda kwao, msimwache aondoke na njaa. Nitabaki hapa bila yeye, sijui nani ataniinua.

Saidi, sasa toa kamba chini ya mkeka umpe Mama.

Mama, najua unataka kuitupa motoni. Ipitishe kwanza vidoleni. Ile inayokwenda makaburini haina fundo, kwa sababu aliyekufa hunyooshwa. Hii ina mafundo, maana mwanangu bado anakunjika. Isimamishe kwenye mlango wa chumba chetu, ncha ya kisigino chini, uone mjukuu wako amefika wapi. Hata mimi nilikuwa sijui.

Kisha mpe Baba, leo hii. Goti linazidi kukaza, na akichelewa kamba hii itakuwa kipimo cha mtoto ambaye hayupo.

Mimi mwanao,
Zaituni, Mama Yusufu